Kijiji kina kipilefti kimoja: njooni tuzijadili filamu za Eberhofer za kule Bavaria

Msukule wa Isar (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Leo siji na Simba na Yanga, wala sitaki kusikia habari za bei ya mafuta. Nataka tuzungumze filamu, tena filamu za Kijerumani. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo.

Naishi Bavaria ya Chini, kusini-mashariki mwa Ujerumani, mwaka wa sita huu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makao. Nilifika na Kijerumani cha darasani, cheti mfukoni, kifua mbele. Siku ya kwanza bibi mmoja akanisemesha sentensi nzima, sikuambulia hata neno moja. Nikakimbia kumwita mwenzangu, nikidhani bibi wa watu amepatwa na kiharusi. Mwenzangu akacheka hadi akakaa chini. Bibi alikuwa mzima kuliko mimi, anaongea Kibavaria tu.

Bibi huyohuyo ndiye aliyenitia kwenye ugonjwa huu. Kila runinga ikirudia filamu ya Eberhofer, anataka mtu wa kukaa naye. Mwanzo nilikaa kwa adabu ya kazi. Siku hizi ananisuta nikichelewa.

Kisa kwa ufupi. Franz Eberhofer ni polisi aliyekuwa jiji la München, mambo yakamharibikia, wakubwa wakamrudisha kijijini kwao. Kijiji kinaitwa Niederkaltenkirchen, msihangaike kukitafuta kwenye ramani, ni cha kubuni. Anaishi kwenye banda la nguruwe alilolikarabati, uani kwa baba yake. Baba mwenyewe ni mzee wa bangi na santuri za Beatles. Bibi yake ndiye jeshi la nyumba ile: anapika, na bidhaa ikishushwa bei popote anajua kabla ya mwenye duka. Marafiki wa Franz pale kijijini ni watatu: mwenye bucha Simmerl, fundi bomba Flötzinger na mwenye baa Wolfi. Yupo pia Susi, mwanamke anayempenda na ambaye kila filamu anashindwa kumwambia jambo la maana. Kila mara mtu anakufa, Franz anachunguza huku akitafuna mkate wenye nyama.

Ya kwanza ilitoka 2013, inaitwa Dampfnudelblues. Muongozaji Ed Herzog, vitabu vya Rita Falk, Franz ni Sebastian Bezzel. Hadi 2023 zilikuwa zimefika tisa, na majina yote ni vyakula: maandazi ya mvuke, matonge ya viazi, kichwa cha nguruwe, kabichi chachu, keki, mchuzi wa paa. Ukizipanga pamoja unapata menyu ya mgahawa.

Ile ya kwanza ilitengenezwa kwa bajeti ndogo, ya filamu ya runinga. Hakuna gari linalolipuka wala helikopta. Kuna bucha, baa, jiko la bibi, ofisi ya meya na kipilefti. Basi. Kwa sehemu hizo tano wameishi miaka kumi.

Nionavyo mimi, maiti ni kisingizio. Filamu hizi zinahusu madaraka madogo. Nani anaruhusiwa kujenga wapi, nani amekaa meza ya nani kule baa, meya anaogopa nini. Ndiyo maana nimezileta hapa.

---

Chizi Karanga

Siti ya mbele kabisa, nina karanga zangu. Tiririka mkuu.

---

Ngosha Mpole

Mleta uzi, jina lako tu nimelala mbavu. Msukule unafanya nini mtoni Ujerumani?

---

Msukule wa Isar

Ngosha, piga zamu tatu za usiku mfululizo halafu ujitazame kwenye kioo. Isar ni mto unaopita huku.

---

Mzee wa Halmashauri

Vijana, nimekaa kwenye utumishi wa serikali za mitaa miaka mingi, kwa hiyo hapo uliposema "madaraka madogo" umenishika. Hebu eleza. Huyo meya wa kijiji anachaguliwa na nani? Analipwa? Ana gari? Maana mwenyekiti wa kijiji kwetu anabeba muhuri mfukoni na simu isiyo na salio, na bado watu wanagombea hadi kutoana roho.

---

Msukule wa Isar

Shikamoo mzee wangu. Swali tamu, naomba nilijibu kwa kirefu.

Bavaria nzima ina manispaa 2,056. Nyingi ni vijiji tu, lakini kila kimoja kina meya wake na baraza lake la madiwani. Meya anachaguliwa moja kwa moja na wananchi, miaka sita. Kwenye vijiji vidogo kazi hiyo mara nyingi ni ya kujitolea: anapewa posho, mchana ni mkulima au fundi umeme, jioni ndiye mheshimiwa. Kijiji cha watu wasiozidi 1,000 kina madiwani wanane. Ukivuka hapo hadi 2,000, wanakuwa kumi na wawili.

Sasa upigaji kura wenyewe, mzee, kaa vizuri. Mpiga kura ana kura nyingi sawa na viti vya baraza. Viti kumi na viwili, kura kumi na mbili. Anaweza kumpa mtu mmoja hadi kura tatu, na anaweza kuchanganya watu wa vyama tofauti kwenye karatasi moja. Kwa hiyo mwenye bucha aliyekupunja mizani unampa sifuri, hata kama ni wa chama chako, halafu jirani aliyekuazima ngazi unamlundikia tatu. Kijiji kizima kinapiga kura kwa kumbukumbu za nani alimfanyia nani nini.

Ndipo utamwelewa meya wa kwenye filamu, Thomas Kügel anamcheza vizuri mno. Hana ubaya. Ana hofu tu. Mtu akiuawa, wazo lake la kwanza ni sura ya kijiji kwa wawekezaji, maana kodi ya biashara inaingia kwenye mfuko wa kijiji chenyewe na baraza ndilo linalopanga kiwango chake. Ukipata kiwanda au hoteli umepata barabara, chekechea na gari jipya la zimamoto. Filamu ya 2019, Leberkäsjunkie, ina habari ya hoteli kubwa inayotakiwa kujengwa kijijini, na humohumo nyumba inaungua na maiti inapatikana. Sisemi zaidi.

Mimi mwenyewe sipigi kura. Raia wa Umoja wa Ulaya wanaruhusiwa kwenye chaguzi za vijiji, sisi wa mbali hapana. Lakini mgombea mmoja alinisimamisha sokoni akanipa kalamu na mbegu za maua. Nilipomwambia sina kura, alifikiri kidogo, akaniachia mbegu, kalamu akaichukua.

---

Chizi Karanga

Kalamu akaichukua 😂😂😂 huyo ni wa kwetu kabisa.

---

Mzee wa Halmashauri

Marahaba mwanangu. Huo utaratibu wa kulundika kura tatu kwa mtu mmoja, ukija kwetu, ndugu wa ukoo mkubwa watatawala hadi kiama.

---

Msukule wa Isar

Mzee, unadhani huku ni tofauti?

---

Mama Zulfa Hamburg

Nimesoma kimya kimya, sasa nasema. Hiyo Leberkäsjunkie umeipitia juujuu, kaka. Mbona hukusema kwamba mmoja wa washukiwa ni Mwafrika? Buengo, mchezaji mpira kutoka Angola, ndiye mfungaji wao kwenye timu ya kijiji. Nyumba imeungua, macho yote kwake. Niliitazama na mume wangu, yeye anacheka, mimi moyo unadunda. Najua kuna kicheko cha kuwacheka wanaoshuku na kuna kicheko cha kumcheka anayeshukiwa. Kwenye sinema nzima siku ile mimi nilikuwa mweusi peke yangu, na sikuwa na uhakika waliokaa nyuma yangu wanacheka kipi.

---

Msukule wa Isar

Dada, umenikamata. Niliruka makusudi kwa sababu sina jibu safi.

Nilivyoiona mimi, kijiji ndicho kinachekwa. Wanampenda Buengo kwa mabao yake, na upendo huo ni mwembamba kama karatasi ya sigara. Hilo ni kweli tupu, nimeliishi. Mwaka wangu wa pili niliombwa kujiunga na timu ya kijiji kwa sababu moja tu, waliniangalia wakajua nafunga mabao. Wakuu, mimi shuleni nilikuwa naokota mipira. Mechi ya tatu waliacha kunipigia pasi, ya tano wakanipa kazi ya kuchoma soseji. Na kwenye soseji ndipo nilipopata marafiki wa kweli.

Ila hoja yako ya waliokaa nyuma inabaki. Bibi yangu wa makao alicheka sehemu ambazo sikupenda. Nilimwambia. Akanyamaza hadi filamu ikaisha, halafu akaniuliza kama watu wa Angola wanaongea lugha moja na mimi. Nikamweleza Kireno kilifikaje kule. Tulilala saa sita.

---

Mama Zulfa Hamburg

Nimekuelewa. Bado sijaisamehe, lakini nimekuelewa.

---

Mpemba wa Wete

Assalaam alaikum. Mimi hilo la lugha ndilo lililonifurahisha. Mtu wa bara akija kwetu Pemba na Kiswahili chake cha redioni, mtoto wa miaka mitano anamwacha njiani. Hizo filamu zasemwa lahaja tupu? Wajerumani wa kaskazini wazielewa?

---

Msukule wa Isar

Waalaikum salaam sheikh. Wanaongea Kibavaria kilicholegezwa kidogo ili mtu wa mbali asipotee. Kiini cha watazamaji wake ni Bavaria hasa, ingawa zile za miaka ya karibuni zimevuka watazamaji milioni moja sinemani.

Ukitaka lahaja nzito zaidi, kuna filamu ya 2006, Wer früher stirbt ist länger tot, ya Marcus H. Rosenmüller. Mtoto wa miaka kumi na moja anaambiwa mama yake alifariki akimzaa yeye, akili yake inakokotoa kwamba ana dhambi ya kuua na moto unamsubiri, basi anaanza kutafuta namna ya kutokufa kabisa. Kichekesho, naapa. Na 2007 ikabeba tuzo nne za taifa za filamu.

---

Otis wa Kondele

Habari zenu watu wa TZ. Mimi ni Mkenya, niko Potsdam nasomea mambo ya kamera. Naona mnasema "bajeti ndogo" na mimi nacheka. Eberhofer ina pesa ya runinga ya umma na ya mfuko wa filamu wa jimbo. Hiyo si bajeti ndogo, hiyo ni bajeti ya wastani iliyovaa kandambili.

Mnataka ndogo kweli? Axel Ranisch alisomea filamu hapahapa Potsdam. Filamu yake Dicke Mädchen ya 2011 iligharimu euro 517 na senti kadhaa. Akamchezesha bibi yake mwenyewe, nyumba ikawa ya bibi. Euro 517! Hapa hiyo haifiki kodi ya chumba.

Lakini hiyo ni ya mjini Berlin. Ya kijijini ni ya Aron Lehmann, naye alipitia shule hiyohiyo. Inaitwa Kohlhaas oder die Verhältnismäßigkeit der Mittel. Muongozaji kijana anafika kijijini Bavaria kupiga filamu kubwa ya kihistoria ya mashujaa wa karne ya 16, farasi na mapanga. Mara simu inaingia: ufadhili umefutwa. Nusu ya watu wanapanda gari na kuondoka. Jamaa anakataa kushindwa. Anabaki na wanakijiji, na mahali pa farasi panakuja ng'ombe. Ng'ombe wakikosekana, waigizaji wajifanye wamepanda farasi, na watazamaji watumie akili. Ilishinda tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la filamu la Saarbrücken.

Siasa ya kijiji iko hapo wazi. Mgeni mwenye ndoto kubwa anahitaji ukumbi, chakula na watu wa bure, na vyote viko mikononi mwa kijiji.

---

Ngosha Mpole

Kujifanya umepanda farasi! Otis, kwetu jamaa walishawahi kupiga filamu ya polisi wakiwa na gari moja, likawa gari la polisi, la majambazi na la wagonjwa. Walikuwa wanabadilisha kibandiko tu. Tulivyowacheka. Kumbe tulikuwa na tamasha la Saarbrücken na hatukujua.

---

Msukule wa Isar

Otis, karibu sana ndugu. Nakubali, "bajeti ndogo" nililitumia vibaya. Ila tofauti ya hao jamaa wa Ngosha na Lehmann ninaiona hapa: wale walikuwa wanaficha kwamba gari ni moja. Lehmann alilitoa hadharani, umaskini ukawa ndio hadithi yenyewe. Mtazamaji anaudhika akidanganywa. Akiambiwa tangu mwanzo kwamba huyu ng'ombe ni farasi, anasaidia kumpanda.

---

Chizi Karanga

Mkuu rudi kwenye kipilefti. Umekitaja kwenye kichwa cha uzi halafu umekitelekeza.

---

Msukule wa Isar

Haki yako.

Filamu zinapigwa mji mdogo uitwao Frontenhausen, wilaya ya Dingolfing-Landau. Pale pana kipilefti cha kawaida kabisa, duara na majani katikati. Kwenye filamu, Franz na wenzake wakitoka baa hujikuta wanakizunguka. Ni kichekesho kinachorudi filamu baada ya filamu, na hakijachuja. Kwenye ile ya 2022, Guglhupfgeschwader, Franz anatimiza miaka kumi ya kazi, na kijiji kinaamua kumpa heshima kubwa kuliko zote kilizo nazo: kipilefti kipewe jina lake.

Sasa cheka. Kile cha Frontenhausen, cha kweli, nacho kinaitwa kwa jina la Franz Eberhofer. Polisi ambaye hajawahi kuzaliwa. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kupiga picha kwenye duara la majani.

Nilikwenda Jumapili moja. Nilikizunguka mara tatu kwa baiskeli. Mzee aliyekuwa anafagia mbele ya nyumba yake akaniangalia, akatikisa kichwa, akaendelea kufagia. Nadhani amewaona wengi.

---

Mzee wa Halmashauri

Mnacheka, lakini jina la barabara ni jambo zito. Nimeshaona kikao kikivunjika kwa sababu ya jina la kichochoro. Kuna tukio la kweli la huko, la kijiji kugombana na serikali? Filamu nimezisikia, sasa nataka kisa chenyewe.

---

Msukule wa Isar

Lipo mzee, na kama lingekuwa filamu mngesema mwandishi amezidisha chumvi.

Miaka ya 1970 serikali ya Bavaria iliamua vijiji ni vingi mno. Vilikuwa karibu 7,000, wakaviunganisha hadi kubaki kama 2,000. Vijiji vingi vilinung'unika vikameza. Kimoja kikakataa: Ermershausen, kaskazini, karibu na mpaka wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Watu mia kadhaa tu. Mwaka 1978 wakaambiwa sasa ninyi ni sehemu ya Maroldsweisach, majirani zao. Wakajibu hatuendi popote. Wakajifungia kwenye jengo la manispaa na kuziba njia.

Alfajiri ya tarehe 19 Mei 1978 wakaletwa mamia ya askari wa kutuliza ghasia. Kwa ajili ya ofisi ya kijiji! Wakaingia kwa nguvu kwenye lile jengo wakachukua mafaili. Picha zikazunguka Ujerumani nzima, na tangu hapo kikaitwa kijiji cha waasi.

Mafaili yalikwenda, watu hawakwenda. Walishika msimamo miaka kumi na tano na zaidi. Tarehe 1 Januari 1994 Ermershausen wakarudishiwa manispaa yao.

Wale waliokuwa vijana kwenye vizuizi wengi walirudi kwenye uhuru wao wakiwa na mvi. Ninapomwona meya wa Eberhofer anatetemeka kwa ajili ya sura ya kijiji, namkumbuka yule wa Ermershausen aliyewafungia polisi mlango. Ni mtu yuleyule, ila siku yake haijafika.

---

Mzee wa Halmashauri

Nimesoma mara mbili. Walichukua mafaili... Sisi tulikuwa tunasema, muhuri ukiwa salama kijiji kipo.

---

Mama Zulfa Hamburg

Na ile habari ya kuiba mti? Mume wangu ana jamaa zake kusini, kila mwaka wanahangaika na mti.

---

Msukule wa Isar

Dada umenikumbusha. Mei mosi kila kijiji kinasimamisha mlingoti mrefu wa mapambo katikati ya kijiji. Kabla haujasimama, kijiji jirani kinaruhusiwa kuuiba usiku. Kuna kanuni: polisi haitwi, mti hauharibiwi, na fidia ni bia na chakula. Halafu wanakaa kujadiliana kama mabalozi. Nilishawahi kuwekwa zamu ya kulinda, saa nane usiku, baridi, mimi na fundi paa mmoja na chupa ya chai. Alinieleza habari za talaka yake yote. Mti haukuibiwa. Kesho yake kila mtu kijijini alinisalimu kwa jina langu.

---

Otis wa Kondele

Hiyo ndio ufanye filamu bro. Watu wawili, mti mmoja, chupa ya chai. Kamera ninayo.

---

Msukule wa Isar

Otis usinitanie, nitakufuata kwenye ujumbe wa faragha.

---

Mpemba wa Wete

Kabla hamjaondoka. Hayo majina ya vyakula, kipi naweza kula mimi? Isiwe kila kitu nguruwe.

---

Msukule wa Isar

Sheikh, kichwa cha nguruwe kimeshajieleza. Leberkäse jina lake linasema ini na jibini, na kile cha Bavaria hakina ini wala jibini. Ni nyama ya kusaga iliyookwa, nguruwe yumo. Kiepuke.

Ila Dampfnudel ni halali yako. Unga wa ngano, hamira, maziwa, siagi, sukari, yai. Unaukanda kama wa maandazi, unauacha uumuke, unakata matonge. Kwenye sufuria nzito weka maziwa kidogo na siagi na sukari, panga matonge, funika, moto mdogo. Chini panafanya ukoko mtamu, juu panabaki laini kama pamba. Unakula na mchuzi wa vanila. Huko kwenu kwenye vanila na iliki utawashinda wenyewe.

Sharti moja tu. Kifuniko hakifunguliwi hadi yaive, hata kwa kuchungulia. Mvuke ukitoka yananywea. Bibi wangu analitaja sharti hili kwa ukali kuliko amri kumi za Mungu.

Naingia zamu, wakuu. Nitapita asubuhi.

---

Mpemba wa Wete

Nimefungua kifuniko.